Zahanati Tuliyoipita

Kila asubuhi Aneth aliamka kabla ya mumewe. Alifagia uwanja, akabandika uji, kisha akachukua ndoo kwenda bombani. Alikuwa mgeni Itigi. Yeye, mumewe Melkizedeki na binti yao Flora, mwenye miaka saba, walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na reli. Flora alishazoeana na watoto wa majirani. Aneth bado. Akisalimiwa aliitikia, halafu akashika njia yake.

Walitoka Tabora, upande wa Ulyankulu. Huko ndiko wazee wao walikofikia walipokimbia mauaji Burundi miaka mingi iliyopita. Zamani watu wa makazi yale ya wakimbizi hawakutoka hivi hivi. Aliyetaka kwenda mbali aliomba kibali kwanza. Baadaye serikali iliwapa uraia, wakawa Watanzania kama wengine. Vyeti walipewa, lakini hofu haiondolewi na cheti. Agripina, mama yake Aneth, alimlea binti yake kwa neno moja: ukitoka makazi, huna mtu. Akimwona mtu mwenye mkoba na kalamu anakuja, Agripina aliingia ndani. Aneth naye alijifunza kuingia ndani.

Sasa Aneth alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imekua. Aliifunika kwa kitenge alichokifunga juu, karibu na kifua. Kliniki hakwenda. Mpango wao ulikuwa mwingine. Siku zikikaribia, angepanda treni arudi kwa mama yake, akajifungulie huko. Haki yetu ya matibabu iko kule, walisema. Hata bima ya familia waliandikishwa kule. Melkizedeki aliitunza kadi yake chini ya nguo, ndani ya begi. Hakumwuliza mtu yeyote wa Itigi kama kadi hiyo inafanya kazi hapa.

Melkizedeki hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu wasomaji wengine hupenda kumtafuta mkosaji. Alikuwa mkulima na mrina asali, mtu wa kazi, na aliipenda familia yake. Alitafuta mahali pa kujenga kama baba yake alivyomfundisha. Alikwenda mbali, kwenye vichaka, mahali penye maji na udongo mzuri, akatundika mzinga mtupu. Nyuki wakaingia wenyewe. Kwake ishara hiyo ilitosha. Alirudi akicheka, akamwambia mkewe kwamba nyuki wamepakubali. Watajenga huko, mbali na maswali ya watu.

Aneth aliuliza kama huko kuna zahanati. Mumewe alijibu kwamba ni mwendo mrefu, lakini mtu haugui kila siku. Aneth akainama kuchochea moto. Alikuwa na jambo moyoni, ila hakujua aanzie wapi kulisema.

Jirani yao aliitwa Dorika. Wengi walimwita Mama Michael. Alifuga kuku wengi na kuwagombeza kwa Kinyaturu kutwa nzima. Alikuwa pia mhudumu wa afya wa jamii. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwa na mkoba wake wa bluu, kuuliza habari za wajawazito na watoto, na kuwaelekeza zahanati. Kila alipobisha hodi, Flora alitoka na kusema mama amelala.

Dorika aliijua mimba ile zamani. Mwanamke aliyezaa hatazami kitenge, anatazama mwendo. Lakini hakumsema mbele za watu. Mara mbili tatu aliacha mlenda mlangoni pao, akaenda zake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Dorika aliijua methali hiyo vizuri. Alijua pia kwamba anayeogopa hakimbizwi.

Siku ya safari ikafika. Walikwenda stesheni mapema, mchana. Melkizedeki alimkalisha mkewe juu ya furushi, akaenda kununua maji ya kunywa. Flora alikaa chini, akihesabu mataruma ya reli. Dorika naye alikuwa pale, amemsindikiza dada yake. Alimwona Aneth, akasogea. Uso wa Aneth ulikuwa umevimba. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole.

"Mama Flora, kichwa kinakuuma?" aliuliza.

Aneth alitaka kukataa. Lakini kichwa kilikuwa kinamwuma tangu juzi, na macho yake yalikuwa yakiona vimulimuli mchana kweupe. Akaitikia kwa kichwa. Dorika hakuwa na mkoba siku hiyo. Labda ndiyo sababu Aneth hakuondoka.

Dorika akakaa chini, kando yake. Alimweleza polepole kwamba mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa sana, na macho yakaanza kumsumbua, hizo ni dalili za hatari. Huenda shinikizo la damu limepanda. Likiachwa huleta kifafa cha mimba, na kifafa hicho huua mama na mtoto. Mtu wa namna hiyo hasafiri kwa treni. Anakwenda kupimwa saa ileile. Kisha akamwuliza Flora alizaliwaje.

"Nilipasuliwa," Aneth alisema.

"Na baada ya Flora?"

Aneth alitazama reli. Kwa mara ya kwanza tangu afike Itigi, aliongea na mtu asiye wa nyumbani. Alisema baada ya Flora alibeba mimba ya mtoto wa kiume. Wakati huo walikuwa wakilima tumbaku mbali na makazi. Uchungu ulipoanza, mumewe alimpakia kwenye baiskeli, wakaanza safari ya kurudi kwao ili akajifungulie kwenye haki yao. Njia ilikuwa ndefu. Mtoto alifia tumboni kabla hawajafika. Yeye mwenyewe alipona kwa taabu.

"Njiani hamkupita zahanati?" Dorika aliuliza taratibu.

Aneth alikumbuka jengo dogo jeupe kando ya barabara. Muuguzi alikuwa nje akianika mashuka. Alipoiona baiskeli na mwanamke mwenye mimba, aliwapungia mkono wasimame. Melkizedeki alimwitikia kwa adabu, akaendelea kukanyaga.

"Tulipita," alisema. "Tulidhani si yetu."

Dorika alikuwa amesikia mengi katika kazi yake, lakini hilo lilimwuma. Alimshika Aneth mkono.

"Mama Flora, nisikilize," alisema. "Zahanati ya serikali haina kabila wala mkoa. Mjamzito akifika anapokewa, awe anatoka Tabora, awe anatoka wapi. Ile uliyoipita ilikuwa yako. Na ya hapa ni yako."

Melkizedeki alirudi na chupa ya maji. Alimsalimu Dorika kwa heshima, lakini moyo wake ulishtuka kumwona mhudumu. Dorika alimwambia mkewe ni mgonjwa na hafai kusafiri. Melkizedeki alijibu kwamba anashukuru, ila watatibiwa kwao. Bima yao iko kule. Hapa wao ni watu wa kupita.

Dorika akamfafanulia. Kwa utaratibu wa serikali, huduma za mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka mitano hazitozwi ada katika vituo vya serikali, popote nchini. Mama akianza kliniki sehemu moja akahama, anachukua kadi yake ya kliniki na kuendelea anakohamia. Bima ya familia ni jambo jingine. Hiyo inawasaidia baba, na watoto wakubwa kama Flora. Mtu akihama na bima yake, aende zahanati ya huko au ofisi ya kijiji, aulize: kadi hii inafanya kazi hapa, au najiandikisha upya? Taratibu za bima hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya kuugua.

"Lakini hayo ya bima yanaweza kusubiri kesho," Dorika alimaliza. "Mkeo hawezi."

Treni ikasikika ikija. Watu wakainuka, wakabeba mizigo. Melkizedeki alilichukua furushi akalitia begani, akamnyoshea mkewe mkono. Naye alimkumbuka yule mtoto. Hakuna siku aliyomsahau.

Aneth hakuinuka.

"Baba Flora, safari hii sipiti," alisema.

Treni ilisimama, ikapakia watu, ikaondoka. Melkizedeki alibaki amesimama na furushi begani mpaka Flora alipomvuta shati.

Walikwenda zahanati kwa bajaji. Muuguzi hakuuliza kibali. Aliuliza mimba ina muda gani, na kichwa kinauma tangu lini. Akampima shinikizo la damu, akapima mkojo, kisha sura yake ikabadilika. Alimpa dawa, akapiga simu ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Akamweleza Melkizedeki kwamba mama aliyewahi kupasuliwa hazalii nyumbani, wala haitoshi kuzalia zahanati. Anatakiwa hospitali, mahali wanapoweza kumpasua tena haraka ikibidi. Angekuwa porini, hata gari lisingemfikia kwa wakati. Gari lilikuja, likampeleka Aneth hospitali.

Alilazwa huko. Madaktari walisema watamwangalia, na mtoto akifikia wakati mzuri watamtoa kwa upasuaji. Siku zile Melkizedeki hakulala vizuri. Alikaa kwenye benchi la nje akiuangalia mlango wa wodi, na wakati mwingine alilia. Wanaume waliokaa naye walimwacha alie.

Dorika alimfuata siku moja, akamwambia kuna kazi ya kufanya badala ya kukaa tu. Akampeleka kwa mzee Zefania, mwenyekiti wa kitongoji. Njiani Melkizedeki alizipunguza hatua. Tangu utoto alifundishwa kumkwepa mtu kama huyu. Alipofika alitoa shikamoo, akakitoa cheti chake cha uraia kabla hajaulizwa, akakishika kwa mikono miwili.

Mzee Zefania aliitikia marahaba. Alikisoma cheti, akamrudishia.

"Wewe ndiye mwenye mgonjwa hospitali?" aliuliza. "Mkeo anaendeleaje?"

Melkizedeki alijibu kwamba bado amelazwa. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Mzee alimwagizia kiti. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mgeni asiyejitambulisha humpa mwenyeji taabu, maana hata mgeni akipatwa na msiba mwenyeji hajui amwite nani. Aliuliza majina ya familia, akamwandikia utambulisho wa kupeleka ofisi ya kijiji. Kwa utambulisho huo Melkizedeki alikwenda kuuliza habari za bima. Kadi yao ya zamani ilikuwa imekwisha muda, na wao walikuwa wakiitunza kama dhahabu. Akaiandikisha familia upya, hapo hapo walipo.

Jioni alimsimulia Aneth wodini. Alimwambia pia kwamba amefikiri juu ya kule vichakani. Udongo ni mzuri, na nyuki wamepakubali kweli.

"Mimi siwasemi vibaya nyuki," Aneth alisema. "Ila nyuki hawazai kwa kisu."

Melkizedeki alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu stesheni. Akasema mzinga utabaki huko, na shamba ataliangalia. Nyumba watajenga kijijini, kando ya barabara, mahali gari linapofika.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji asubuhi moja ya Jumatano. Alikuwa wa kiume, mdogo lakini mzima, na alilia kwa nguvu. Walimwita Elisha. Aneth alipoletewa mtoto alimtazama muda mrefu, akamtaja na yule mwingine kimoyomoyo, kwa sababu furaha haikumfuta. Madaktari walimshauri apumzike kabla ya mimba nyingine, na wakamwelekeza kuhusu uzazi wa mpango.

Aneth alipopata nguvu, Agripina alikuja kwa treni kumwona mjukuu. Binti hakwenda kwa mama. Mama alikuja kwa binti. Alishuka stesheni akiwa amekumbatia mfuko wa plastiki wenye vyeti vyake vyote, akitazama kushoto na kulia kama kuna mtu atamwuliza. Hakuna aliyemwuliza. Dorika alimpa shikamoo, akamtua mzigo.

Nyumbani walimweka bibi kwenye kiti, wakampakatisha mtoto. Mfuko wa vyeti ulibaki umebanwa kwapani. Alimtazama Elisha, akamgusa mashavu, machozi yakamtoka.

"Mmemzalia wapi huyu?" aliuliza.

"Hapa, mama."

"Hapa kwa kina nani?"

Aneth aliuchukua ule mfuko taratibu kutoka kwapani mwa mama yake, akauning'iniza kwenye msumari, karibu na kadi ya kliniki ya mtoto.

"Kwetu," alisema.