Ngazi Inayopumua

Simu iliita wakati Gelasius anafunga ofisi.

"Kitendawili," sauti ilisema upande wa pili.

"Tega."

"Mzigo wangu naubeba mdomoni tangu ujana. Siku nikiutua, nimeshakufa."

Gelasius alinyoosha mkono akafunga dirisha.

"Pembe za ndovu."

"Umepata. Zinatoka mbugani Katavi, zinapita Karema, zinavuka ziwa. Mwenye kuzivusha hatumjui sura. Tunachojua, anatembea kama mtu wa likizo. Na familia yake. Wanaoga ziwani, wanatazama magofu."

"Nifanyeje, mzee?"

"Nawe chukua likizo. Ukaoge. Utazame magofu. Nenda na familia."

"Yote?"

"Yote. Mtu aliyebeba mkwe wake garini, nani atamdhania jasusi?"

Simu ikakatika.

Pale Mpanda mjini Gelasius alijulikana kama fundi wa visima, mtu wa Nsemulwa, mpole, mwenye Land Rover ya serikali na kofia ya pama. Kwa Mzee Thadei wa Tabora, aliyekuwa kwenye simu, jina lake lilikuwa Kambare. Kambare aliwahi kufukuzwa na bunduki tatu kwenye tope la Mto Katuma, akarudi nyumbani akala wali kama mtu aliyetoka shambani.

Lakini likizo na mkwe?

Alikaa chini.

Mama Marsela, mama yake Romana, alikuwa mwanamke wa Usevya, Mpimbwe aliyeshika mambo ya kwao sawasawa na rozari yake. Na kwao mkwe haguswi. Haangaliwi usoni. Hamli sahani moja, hamkai chumba kimoja. Ukiwa na neno naye, unapitisha kwa mtu wa katikati. Kwa miaka minane Gelasius alimjua mama mkwe wake kwa sauti na kwa visigino.

Kwa hiyo ndani ya Land Rover ikatundikwa kanga, katikati ya viti. Mbele Gelasius na Romana. Nyuma Mama Marsela, kikapu cha chakula, na chupa ya chai ya bati ambayo haikuwa na chai. Ndani yake kulikuwa na redio ya upepo ya kuitia Tabora, iliyofungwa kwa ustadi hadi mfuniko.

"Romana," kanga ilisema, "mwambie mumeo shimo lile angeweza kulikwepa."

"Mama anasema ungekwepa shimo."

"Mwambie mama nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie kusikia si kukwepa."

Walipopita Kasekese walimkuta baba yake Gelasius, Mzee Josephat, amesimama barabarani na jembe begani. Romana hakungoja gari litulie. Aliruka chini, magoti yakazama topeni, kichwa kikainama. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyofanya kila alipomwona baba mkwe, hata sokoni, hata akiwa na ndoo kichwani. Mzee akaitikia, wakaendelea na safari, na Romana akakwangua tope kwa kijiti mpaka Ikola.

Kusini kidogo ya Karema, juu ya kilima kinachotazama ziwa, palikuwa na magofu ya ngome ya kale. Kuta za mawe zilizoliwa na mizizi, milango isiyo na mbao. Chini yake mchanga mweupe na maji ya Tanganyika, ya bluu mpaka macho yanauma. Walitandika mikeka. Romana akaoga, akacheka, akamrushia mumewe maji. Walikula migebuka ya kuchoma. Mama Marsela alikaa mbali nyuma ya mwamba, amewapa mgongo, amejitanda ile kanga ya garini, ananusa ugoro wake kwa raha.

Hawakuwa peke yao.

Juu kwenye ngome kulikuwa na mzungu mmoja, Kessel, anayepima mawe kwa kamba na kupiga picha kwa Yashica. Alisema kwa Kiswahili kizuri kwamba anaandika habari za ngome. Na pale ufukweni kulikuwa na familia nyingine ya likizo: kijana wa mjini mwenye suruali pana, akijiita Ponsian, mkewe Candide, na mama mkwe wake, mama wa makamo aitwaye Gaudiose. Watu wa salamu nyingi. Walikuwa na boti yenye injini ya Johnson, ya kutembelea, walisema.

Gelasius aliwatazama siku mbili. Hakuona kitu.

Mama Marsela aliona.

"Romana, mwambie mumeo aache kuangalia boti. Aangalie sahani."

"Sahani gani, mama?"

"Yule Ponsian kala ugali na mkwe wake sahani moja. Wamegongana vidole kwenye mboga. Jana kamshika mkono kumpandisha kilimani, wanacheka. Muulize mumeo, mtu gani anacheka na mkwe?"

Romana aligeuka. Hakukuwa na haja ya kurudia.

Gelasius aliweka kikombe chini polepole. Aliitazama ile familia upya. Mzungu anayepima mawe yale yale kila siku. Boti inayokaa chini sana majini kwa watu watatu.

Jasusi alikuwa amekaa jirani na jibu siku mbili, anasubiri silaha zionekane.

Alinyoosha mkono kuchukua chupa ya chai.

Haikuwepo.

"Samahani, ndugu," Kessel alisema nyuma yake. "Nilitaka chai kidogo."

Aliishika chupa mkono wa kushoto, waya unaning'inia kama utumbo wa kuku. Mkono wa kulia ulishika bastola ya Browning.

Kila kitu kilikwenda haraka. Ponsian alimpapasa Gelasius, akatoa bastola ya Walther kiunoni, kisu soksini, hata kalamu. Mama Marsela hakuguswa. Nani ampapase bibi mwenye rozari?

"Mkeo tunakwenda naye," Kessel alisema. "Boti ya doria ikitokea, atasimama mbele yetu. Isipotokea, basi. Katikati ya ziwa hakuna aliyewahi kugusa chini."

Romana hakulia. Alimtazama mumewe, halafu mama yake, kama mtu anayetaka kupeleka ujumbe asijue aanze na nani.

"Na hawa?" Ponsian aliuliza.

"Ghalani."

Ponsian akacheka. "Pamoja? Hawa hata kuangaliana hawawezi. Watakufa wametazama ukuta."

Ghala lilikuwa chini ya ngome, chumba cha mawe ambacho watu wa kale waliwekea baruti. Mlango wa mti mzito, komeo kwa nje. Upana wa kitanda kimoja na nusu. Juu kabisa tundu la hewa, mwanga umeingia kama kidole. Harufu ya popo.

Komeo likagonga.

Giza la mchana ni baya kuliko la usiku, maana unajua nje watu wanaona.

Gelasius aligeukia ukuta wa mashariki. Mama Marsela akageukia wa magharibi. Migongo yao ilikaribia kugusana, kila mmoja akajibana mbele hadi pua ikanusa jiwe. Jasho likaanza. Kwa mbali walisikia watu wanaburuta vitu vizito kushuka kilimani. Pembe. Nyingine zilikuwa botini tayari; hizi zilikuwa ndani ya ngome muda wote, chini ya mawe ya Kessel.

Gelasius alijaribu mlango kwa bega. Mlango haukujali. Aliruka, akashika ukingo wa tundu, akajivuta. Kichwa kilipita. Mabega yalikwama. Alirudi chini amechunika ngozi pande zote mbili.

Nje, Johnson ilikohoa. Ikazima.

Wanajaribu injini. Romana yuko pale.

Alipiga ukuta kwa ngumi. Kambare aliyetoka kwenye tope la Katuma alikuwa amenaswa ndani ya chungu, na hakuwa na mtu wa katikati. Maneno yalimjaa kifuani yakakosa njia.

Ndipo sauti ikasema, taratibu:

"Wewe jiwe."

Ngumi ya Gelasius iliishia hewani.

"Wewe jiwe la mbele yangu, nasema nawe. Mwambie mkwe wangu aache kupiga mawe, hayajamkosea."

Gelasius akalitazama jiwe lake.

"Jiwe, mwambie mama nimesikia."

"Mwambie kusikia..." Sauti ilikatika. Akapumua. "Muulize, tundu lile halimtoshi?"

"Mwambie mabega yamekataa. Mimi ni mpana."

"Mimi je? Aniambie bila kunitazama."

Gelasius alifunga macho akakumbuka visigino, upindo wa kanga, kivuli chake barabarani. Mwanamke mwembamba kama mwiko.

"Mwambie mama yeye anapita. Lakini hafiki. Na hapa hakuna ngazi."

Johnson ikakohoa tena, safari hii ndefu.

"Jiwe," Mama Marsela alisema. "Kitendawili."

"Tega."

"Ngazi yangu inapumua. Naiogopa kuliko shimo."

Gelasius alijua jibu. Alijua pia kwamba mwanamke huyu, tangu alipoolewa yeye mwenyewe hadi alipoozesha binti zake, hakuwahi hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwa mkwe. Akirudi Usevya na jambo hili, wanawake wenzake watalijua hata asiposema.

"Jiwe," alisema, "mwambie mama ngazi imefumba macho."

Alichuchumaa, uso ukutani, mikono nyuma ya shingo.

"Bikira Maria angalia pembeni," Mama Marsela alinong'ona.

Mguu wa kwanza ulitua begani, palepale palipochunika. Halafu wa pili. Alikuwa mwepesi, lakini Gelasius hakuwahi kubeba kitu kizito hivyo. Alisimama inchi kwa inchi. Kucha za bibi zilishika nywele zake. Kokoto zikaanguka. Miguu ikakanyaga kichwa bila heshima yoyote, ikajisukuma.

Uzito ukaondoka.

Sasa alikuwa peke yake na masikio yake.

Alisikia kanga inachanika. Kishindo kidogo upande wa pili, na mguno. Halafu hatua za viatu, si za Mama Marsela. Gaudiose, yule mkwe wa uongo, ndiye aliyeachwa mlinzi.

"We bibi, umetokaje?"

"Mwanangu, nimetoka tu. Nimechoka. Nisaidie kukaa."

"Simama hapo. Nina bastola."

"Naiona, mama. Nami nina ugoro tu, wa Usevya, wenye magadi. Utaonja?"

"Toa mkono huo kwenye kang..."

Chafya.

Chafya ya pili ilikuwa na kilio ndani yake. Kitu cha chuma kilianguka juu ya mawe. Watu walivutana, mtu akaketi kwa nguvu, akalaani, akapiga chafya tena.

Komeo likanyanyuka.

Mwanga ulimpiga Gelasius. Mbele yake Gaudiose alikuwa chini, macho mekundu, amefungwa mikono kwa kanga. Mama Marsela alikuwa tayari amempa mgongo, amebaki na gauni, ananyoosha mkono nyuma. Mkononi bastola. Walther ya Gelasius mwenyewe.

Aliiweka chini juu ya jiwe. Akasogea. Ndipo Gelasius akaiokota.

Mambo yana utaratibu wake.

Walishuka kilima wakijificha kwa mawe. Boti ilikuwa imejaa hadi midomo, imekaa juu ya mchanga, maana ziwa pale ni la kina kifupi. Ponsian alisukuma, maji magotini, anatukana. Candide alivuta kamba ya Johnson. Kessel alisimama ndani ya boti, Browning mkononi, macho kilimani. Mbele yake, kifua kwa mgongo, Romana.

Gelasius alilala juu ya mwamba. Akalenga.

Aliona kilemba cha Romana. Nyuma ya kilemba, sikio moja la Kessel.

Akashusha bastola. Akalenga tena. Sikio likapotea.

Johnson ikaunguruma. Ikashika.

"Ainame," Gelasius alisema kwa meno yaliyofungana. "Ainame kidogo tu."

Alikuwa anaongea na jiwe. Jiwe likafikisha.

Mama Marsela alisimama wima juu ya mwamba wa jirani, mbele ya macho ya kila mtu, akaita kwa sauti ya mwanamke anayeita binti yake jikoni:

"Romana! Baba mkwe wako huyo!"

Kessel alielewa kila neno. Alichosikia ni kwamba kuna mzee anakuja, akageuza kichwa kumtafuta.

Romana hakutafuta mtu. Magoti yake yalisikia kabla ya masikio. Yalikunjika hapo hapo, juu ya rundo la pembe, kichwa kikainama, mikono ikapigwa pamoja kwa salamu.

Kessel alibaki peke yake angani.

Risasi moja.

Browning iliruka ikazama ziwani. Kessel alikaa chini ameshika mkono, anautazama kama wa mtu mwingine. Candide aliachia mpini wa Johnson akanyoosha mikono juu. Injini ikazima.

Ponsian alikimbilia maji ya ndani.

"Ponsian," Gelasius aliita bila kupaza sauti. "Mamba."

Ponsian alifikiri. Akarudi.

Romana bado alikuwa amepiga magoti. Alipoinua kichwa hakumwona Mzee Josephat popote, akamwona mumewe anashuka mchangani na kofia yake ya pama. Ndipo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Gelasius alimshusha botini, akamshika muda mrefu kuliko inavyofaa mbele ya watu. Halafu akafunga wafungwa, akamfunga Kessel jeraha kwa kitambaa safi, akaichukua chupa ya chai, akachomeka waya.

"Kambare anaita. Kambare anaita."

"Sema, Kambare."

"Mzigo umetuliwa mchangani, mzee. Wabebaji wako hai, wote wanne. Leteni gari kubwa."

"Safi. Tulikuita redioni hukujibu, tukajua umenaswa. Umetokaje?"

Gelasius alitazama juu ya mwamba. Mama Marsela alikuwa ameketi, mgongo kwake, anachungulia kikopo chake cha ugoro kuona kama kimebaki chochote.

"Mzee, sikusikii vizuri," Gelasius alisema, akazima.

Askari wa Karema walipofika na kuchukua watu wao, jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Gelasius alikung'uta mchanga kwenye viatu, akaelekea kwenye Land Rover.

"Romana," sauti ilisema nyuma yake.

"Abee mama."

"Mwambie mumeo, kwetu jambo kama lile linatakaswa kwa mbuzi."

"Jambo gani, mama?"

"Mwambie tu. Awe dume. Mweupe. Asiwe na kovu."

Romana alimtazama mumewe. Gelasius aliinamisha kofia.

"Mwambie mama nimesikia. Mbuzi ataletwa, na kikopo kipya cha ugoro shingoni."

"Anasema..."

"Nimemsikia," Mama Marsela alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane mgongo wake ukatikisika kwa kicheko.

Walipanda. Kanga ya pazia ilikuwa haipo, imekwenda Karema mikononi mwa Gaudiose. Gelasius aliwasha gari. Kabla hajaingiza gia, alinyoosha mkono, akageuza kioo cha kutazamia nyuma mpaka kikatazama paa.

Akaondoka.