Sifuri Tupu

Rafiki yangu, fundi redio, si mtu wa kuogopa kivuli chake. Mchana mmoja dada yake alimletea redio ya marehemu mama yao, iliyokuwa bubu. Fundi akashuku chipu inayogeuza tarakimu kuwa sauti, akaipelekea sifuri tupu, yaani kimya. Spika ikapumua.

“Waya huu tu wa kutoka kwenye chipu hadi spika unatuchezea,” akasema, akaung'oa. Spika ikaendelea kupumua.

Ghafla umeme ukakatika. Chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza totoro, na pumzi bado zinasikika.

“Dada, hebu bana pumzi.”

“Mbona nimebana zamani, kaka!”

Naye akabana zake. Wakasikiliza. Gizani, spika ikakohoa kidogo, vile mama alivyozoea kukohoa kabla ya kumwita mtu.