Mume wa Kila Chumba

Askari wa kwenye gemu alipiga mluzi. Ilikuwa saa ya kulala mchana, mji mzima wa Rosario umefunga madirisha, na Leandro, aliyekuwa akiijaribu misheni mpya ya gemu aliyokuwa akiitengeneza na mkewe, alijua fika kwamba hakuna aliyewahi kurekodi mluzi humo.

"Noemí! Njoo usikie."

Mkewe alitoka jikoni na kibuyu cha mate, ile chai ya majani ya kwao. Aliposikia, maji ya moto yalimmwagikia mkononi. Ulikuwa mluzi wa Ulises, mumewe wa kwanza, aliyezama mtoni Paraná kabla hawajalimaliza gemu hilohilo, walilolianza pamoja.

"Bado unamwita," Leandro alisema.

"Mimi? Sijagusa kitu."

"Basi kajileta!"

Walifungua maandishi ya misheni. Kila chumba alichokiandika Leandro kilisema mlangoni asimame "mume", na Leandro alijidhania ni yeye. Lakini hakulifungia jina hilo ndani ya chumba. Jina lisilofungiwa hutafutwa kwenye hifadhi ya pamoja, inayosomwa na misheni nzima, na humo Ulises alikuwa amejiandika zamani kuwa ndiye mume. Kila mlango ulipouliza mume ni nani, ulijibiwa Ulises.

Leandro akamfuta. Asubuhi yake Ulises alikuwa amerudi mahali pake, na nyumba ilinuka tope la mto.

Wivu wa kumwonea marehemu ni mateso, maana huna wa kumkunja shati. Leandro aliacha kula. Alimvizia Noemí akilala, asikie atataja jina gani. Harufu ya tope ilihamia kwenye mashuka.

Noemí akamwita doña Eulogia, mganga wa mtaa wa pili, akamweleza yote.

"Msimfute, atarudi tu," bibi alinong'ona. "Aliyekaa pale hatoki mpaka mwingine akae mahali pake. Wewe kijana, jiandike ndani ya chumba kimoja, ufunge. Humo hataingia."

"Ni neno moja tu, mpenzi," Noemí alimsihi. "Naliandika sasa hivi."

"Yeye awe mume wa kila chumba, mimi wa kimoja tu? Mimi ndiye mumeo!"

"Leandro, nakuomba. Sitaki kuzika tena."

Mchana uliofuata Noemí alitoka kununua mikate. Leandro akaketi kwenye kompyuta, akafungua ile hifadhi ya pamoja, na huku harufu ya tope ikimpanda puani, huku mluzi ukitoka sasa nyuma ya kiti na si kwenye spika, huku kitu kibichi chenye baridi kikimwegemea bega na kusubiri bila haraka yoyote, akaandika jina lake mwenyewe juu ya jina la Ulises, akabonyeza.

Noemí aliporudi, kiti kilikuwa kimelowa na hakikuwa na mtu. Kwenye skrini, kila mlango ulikuwa na askari mmoja, na wote walikuwa na uso wa Leandro, wakiita kwa sauti yake.

"Noe! Nitoe humu! Noe, unanisikia?"

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Akaingia Leandro, akiwa na shati lake la asubuhi, viatu vikichuruzika maji. Alikuwa akipiga mluzi.

"Flaca," alisema. "Maji yamechemka?"

Duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Noemí kwa jina la Flaca, yaani mwembamba, naye alizama mtoni.

"Usimsogelee!" milango yote ilipiga kelele. "Noe, futa jina langu! Mimi ndiye mumeo!"

Noemí aliinama kwenye kompyuta. Alijua pa kwenda na cha kuandika. Nyuma yake ule mluzi uliendelea taratibu, kama zamani asubuhi za Jumapili, na alitambua kwa aibu kwamba analia kwa furaha.

Akapunguza sauti. Akapunguza tena, mpaka midomo ya Leandro ikawa inacheza tu. Kisha akaenda kubandika maji.