Moto Ulioshika Bawa la Britta

Mwisho wa Oktoba, baridi ya mtaani kwetu huwa ya kuuma. Upepo unavuma kutoka ziwani. Majani yamejaa barabarani. Kila nyumba imeweka maboga kwenye ngazi zake. Watoto hawatulii. Wanasubiri usiku wa Halloween, wavae mavazi ya kutisha na kwenda mlango kwa mlango kuomba peremende.

Britta Haugen alikuwa na miaka minane. Mwaka ule alitaka kuwa popo. Mama yake, Colleen, alichukua pazia jeusi kuukuu akamshonea mabawa. Yalikuwa makubwa, yakaburuta chini. Britta alikuwa pia na kinyago cheusi chenye matundu madogo ya macho.

"Mama, natisha?"

"Unatisha mpaka nataka kukimbia," alisema Colleen. "Lakini mbona unatembea kama kuku mlevi?"

"Sioni miguu yangu!"

"Utazoea."

Baba yake, Duane, alikuwa nje. Alikuwa amechonga maboga, akayapa macho na meno. Ndani ya kila boga aliweka mshumaa. Kando ya mlango alisimamisha mabua makavu ya mahindi kama mapambo. Alasiri ya siku yenyewe aliwasha mishumaa mapema, aone itakavyopendeza.

"Njooni muone!" aliita. "Mwaka huu tunaufunika mtaa mzima!"

Britta alitoka mbio. Ngazi ya kwanza aliiona. Ya pili hakuiona. Alipepesuka, na bawa lake likapita juu ya boga. Kitambaa kikashika moto.

Britta alipiga kelele, akakimbia. Kadiri alivyokimbia, ndivyo moto ulivyopanda. Duane alimfuata lakini hakumfikia. Colleen alibaki mlangoni, mikono kichwani.

Ng'ambo ya barabara, jirani yao Marlys Peltier alikuwa akikusanya majani. Marlys ni mzimamoto wa kujitolea wa mji wetu kwa miaka mingi. Alitupa reki yake.

"Britta! Usikimbie! Lala chini! Jiviringishe!"

Mtoto alimsikia. Alijitupa kwenye nyasi mbichi, akafunika uso kwa mikono, akajiviringisha huku na huku. Duane akavua koti lake zito, akamfunika nalo. Moto ukazimika.

Halafu Britta akaangua kilio, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwa mama yake.

Mabawa yalikuwa yameungua vibaya. Juu ya kifundo cha mguu, ngozi ilikuwa nyekundu. Colleen alikimbilia jikoni, akarudi na siagi.

"Hiyo irudishe kwenye mkate," alisema Marlys, aliyekuwa amekwisha vuka barabara. "Siagi inazuia joto lisitoke. Barafu nayo usiweke. Mguu uwekwe chini ya maji baridi ya bomba, yatiririke kwa dakika ishirini."

"Dakika ishirini zote?" alilia Britta. "Nitaganda!"

"Ganda tu, popo wangu. Utayeyuka baadaye," alisema Marlys.

Baadaye Marlys aliuchunguza mguu.

"Hakuna malengelenge, na jeraha ni dogo. Lingekuwa kubwa kuliko kiganja chake, au lingekuwa usoni, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali. Hata hili mliangalie. Likitoa malengelenge, mpelekeni kwa daktari."

Alilifunika kwa kitambaa safi, bila kukaza. Wakakaa mezani jikoni.

"Halloween imekwisha," alisema Colleen. "Hakuna anayetoka nyumba hii."

Britta aliinama akayatazama mabawa yake yaliyoungua.

"Kosa ni langu," alisema Duane. "Mishumaa niliwasha mimi."

"Na mabawa nilishona mimi. Aliniambia haoni miguu yake. Nikamwambia atazoea!" Colleen akaanza kulia.

Marlys alimshika mkono.

"Jirani yangu, nisikilize. Kila mwaka tunaitwa kuzima moto wa namna hii. Na kila mwaka wazazi ni watu wazuri kama ninyi. Unaweza kumfungia Britta ndani. Lakini jioni hii watoto wa mtaa mzima watapanda ngazi zenu, nao wana magauni na mabawa yao. Bado kuna mwanga. Tufanye kazi."

Colleen alifuta machozi. "Tuanzie wapi?"

"Anza na mkasi."

Colleen alikata sehemu zote zilizoungua, mpaka mabawa yakaishia magotini. Kinyago walikiacha. Badala yake Britta alipakwa rangi usoni, baada ya kuijaribu kidogo mkononi kuona kama inamwasha. Sasa aliona kila kitu, hata miguu yake.

Marlys alileta utepe unaong'aa ukimulikwa na taa, kama ule wa makoti ya wazimamoto.

"Popo mweusi, usiku mweusi," alisema. "Dereva atamwonaje? Bandika mgongoni na kwenye mabawa."

Duane aliitoa mishumaa yote. Ndani ya maboga aliweka taa ndogo za betri. Mabua aliyapeleka nyuma ya nyumba. Alifagia majani yenye maji kwenye ngazi, mtu asiteleze. Aliukunja mpira wa kumwagilia bustani akauweka kando, akawasha taa ya barazani. Mbwa wao, Gus, alifungiwa chumba cha nyuma, asije akatoroka au kuwarukia wageni.

"Na barabarani?" Marlys alimuuliza Britta.

"Tunapita kando. Tunavuka kwenye kona, si katikati ya magari yaliyoegeshwa."

"Na peremende?"

"Hakuna kula mpaka Mama aziangalie." Britta alinuna. "Hata moja?"

"Hata moja. Na unakwenda na nani?"

"Na rafiki yangu Sunniva, sisi wawili tu. Sisi wakubwa!"

"Wakubwa wa wapi?" alisema Duane. "Na mimi nipo."

"Baba, utatuaibisha!"

"Nitakaa nyuma na tochi yangu. Waambie watu mimi ni mzimu."

Colleen aliinama akakigusa kitambaa cha mguu wa binti yake.

"Mguu unauma?"

"Kidogo tu."

"Haya, nenda."

Giza lilipoingia, barabara ilijaa vicheko. Britta na Sunniva walikwenda nyumba hadi nyumba, na Duane nyuma yao. Walipokuwa wakipita mbele ya nyumba moja, gari lilianza kurudi nyuma kutoka uani. Ghafla likasimama. Mzee mmoja akashusha kioo.

"Nimeona mistari inayong'aa inatembea yenyewe!" alisema. "Ikabidi nikanyage breki. Hawa watoto wa nani?"

"Wangu," alisema Duane, akawavuta wote wawili kando yake.

Nyumbani, Colleen alikuwa barazani akigawa peremende. Alikuja mtoto mdogo sana aliyevaa kama binti mfalme. Gauni lake lilikuwa refu, likapita lote juu ya boga. Boga likaendelea kuwaka na kucheka kwa meno yake. Mtoto akasema asante, akaenda zake kwa mama yake aliyekuwa akimsubiri njiani. Colleen akakaa kwenye ngazi, akashusha pumzi.

Britta aliporudi, alimwaga peremende zote mezani. Colleen alizikagua moja moja. Zilizokuwa na karatasi iliyofunguka alizitupa. Britta akachagua chokoleti kubwa kuliko zote, akaisukuma mbele ya mama yake.

"Hii ni yako."

"Yangu? Si ndiyo unayoipenda kuliko zote?"

"Ndiyo. Lakini uliniruhusu niende."

Colleen aliifungua, akaivunja katikati. Wakaila pale pale, rangi ya popo ikiwa bado usoni mwa Britta, na wote wawili wakapakaa chokoleti mpaka puani.