Mke wa Mdomo

“Apolonia, hebu waambie na wewe,” Nyaga alisema, akiinua karatasi juu. “Tarehe nane Novemba tunapiga kura ya ndiyo. Tunalinda ndoa.”

Watu saba walikuwa wamebanana sebuleni kwao, mjini Arlington, wametoka ibadani moja kwa moja. Ilikuwa Oktoba 2005, na Texas ilikuwa karibu kupigia kura kipengele cha katiba: ndoa iwe ya mwanamume na mwanamke tu, na chochote kinachofanana nayo kisitambuliwe. Jerioth, mwenyekiti wa akina mama katika kanisa lao la Wakenya, alikuwa akigawa mitaa ya kwenda kubisha hodi.

Apolonia akatua birika la chai mezani. Tangu asubuhi alikuwa amejiapiza kwamba leo atanyamaza.

“Ndoa ipi hiyo mnayolinda?” akauliza.

“Ya mume na mke. Kama hii yenu,” Jerioth akajibu kwa upole. “Tukinyamaza, watoto wetu watajifunza nini?”

“Dada, unawajua Wilma na Nadine, wa nyumba ya pili?”

“Wale akina mama wazungu. Hunisalimia vizuri.”

“Wameishi pamoja miaka ishirini na sita. Machi, Nadine alipata kiharusi, nikawapeleka hospitali na gari langu. Wilma akaulizwa, wewe ni nani wake? Akasema ukweli. Akaambiwa wanaoingia ni jamaa tu. Alikaa kwenye korido mpaka kesho yake, dada yake Nadine alipofika kutoka Oklahoma. Na huyo dada hajui hata Nadine anakunywa dawa gani.”

Jerioth akatikisa kichwa. “Nasikitika, kweli. Lakini huruma yangu haibadilishi Neno. Waandikishane kwa wakili, ila isiitwe ndoa.”

“Soma mstari wa pili wa hicho kipengele, uniambie kama hizo karatasi za wakili zitabaki salama.” Akamtupia Nyaga jicho. “Mwaka juzi trela la Nyaga lilipopinduka kule Waco, niliulizwa swali lilo hilo. Nikasema mimi ni mke wake. Mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyetaka cheti, na cheti sina.”

“Apolonia,” Nyaga akamwita, sauti chini.

“Huna kivipi?” Jerioth akauliza. “Si mlifunga ndoa Embu?”

“Hajawahi kunioa, dada. Huu ni mwaka wa nane. Kila nikiuliza, naambiwa mwakani.”

Nyaga hakujua aangalie wapi. “Hapa Texas, watu wakiishi pamoja na kujiita mke na mume, sheria inawatambua,” akasema.

“Kwa hivyo sisi mdomo unatutosha. Wao miaka ishirini na sita haitoshi.”

Wageni wakaaga mmoja mmoja. Chai ikabaki vikombeni.

Kesho yake Nyaga akaondoka na mzigo wa Houston bila kuaga. Jumanne ujumbe ukaingia kwenye simu ya Apolonia: *Umeniaibisha mbele ya kanisa.*

Akajibu: *Pole kwa aibu. Lakini nimechoka kuwa mke wa mdomo.*

Siku tatu kimya. Alikuwa akienda kazini kuogesha wazee wa watu, anarudi, anaangalia simu, anailaza kifudifudi.

Alhamisi Jerioth akabisha hodi, mikono mitupu, bila karatasi zake.

“Sikuja kubishana,” alisema. “Kura yangu ni ile ile. Lakini nimekaa na wewe jikoni miaka mitano na sikujua unalia. Hilo ndilo limenileta.”

Apolonia akamwegemea begani, akalia kweli.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

“Niko Houston,” Nyaga alisema. “Nangoja kupakia. Apolonia, ile siku ya Waco, wangekuomba cheti ingekuwaje?”

“Ningekaa kwenye korido. Kama Wilma.”

“Nilipoamka ulikuwa umenishika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na bandeji. Sijawahi kukuambia kwamba nilikuwa naogopa kufa.”

“Kwa nini hukunioa, Nyaga?”

“Nilingoja makaratasi ya kuishi hapa. Yakaja, nikangoja likizo, twende kwenu na wazee kama inavyotakiwa.”

“Halafu ukazoea.”

“Halafu nikazoea.”

“Usinioe ili kanisa linyamaze.”

“Kanisa litasema tu. Nataka kukuoa kwa sababu jana nimeulizwa kama nina mke, nikasita kujibu. Nimejisikia vibaya.”

Apolonia akakaa kitini taratibu. “Rudi nyumbani, tuongee,” akasema, lakini alikuwa tayari anatabasamu.

Siku ya kura Apolonia alimngoja Nyaga ndani ya gari. Yeye uraia wake ulikuwa bado, kura hakuwa nayo. Nyaga akatoka, akafunga mkanda.

“Nimepiga hapana. Usiwaambie kanisani.”

“Waambie mwenyewe.”

Kufika jioni kipengele kilikuwa kimepita, tena kwa kura nyingi mno. Apolonia alikwenda kwa Wilma. Wilma akamkumbatia mlangoni.

“Haijaisha,” akamwambia. “Na wewe una harusi ya kuandaa. Sisi tunakuja.”

Ijumaa ya wiki iliyofuata, Nyaga na Apolonia walifunga ndoa mbele ya hakimu, kwa muda usiozidi dakika kumi. Mchana wakaenda kula kwa Jerioth, aliyekuwa ameamka alfajiri kupika pilau na mukimo. Wilma aliingia akisukuma kiti cha magurudumu cha Nadine, na mazungumzo yakakatika. Watu wa kanisa wakaangaliana.

Jerioth akafuta mikono kwenye leso, akawaendea.

“Mmekaa pamoja miaka mingapi?” akauliza kwa Kiingereza.

“Ishirini na sita,” Wilma akajibu, kidevu juu, kama mtu aliyejiandaa kwa vita.

Jerioth akawageukia wasichana waliokuwa wakipakua chakula.

“Hawa ndio wakubwa wetu hapa leo,” alisema kwa Kiswahili. “Wapeni sahani kwanza.”