Sweta Tatu za Tadei

Mwezi wa Juni, baridi ya Sumbawanga haina adabu. Inakufuata hadi ndani ya blanketi.

Asubuhi hiyo Adela alikuwa akikoroga uji wa ulezi, lakini masikio yake yalikuwa chumbani. Mwanawe Tadei, mtoto wa miaka minne, alikuwa anakohoa. Hii ilikuwa siku ya tatu.

Macho ya Adela yalikuwa uani, kwa shemeji yake Maximilian, aliyekuwa anafuta pikipiki. Maximilian alifika Jumapili kutoka Kasesya, mpakani, anakobeba abiria wa nchi mbili. Alikuja anakohoa. Jumatatu, Tadei naye akaanza.

"Ni huyu," Adela alijisemea. "Ameniletea Korona."

Mdomo wake ulinyamaza, ila mikono ilisema. Alikiosha kikombe cha Maximilian peke yake, kwa majivu, akakitundika nje msumarini.

"Shemeji, kikombe changu kimekosa nini hata kikalala nje?" Maximilian aliuliza, akicheka.

"Kinapunga upepo." Adela hakucheka.

Aliogopa pia majirani. Wakisikia Korona, nani atakanyaga tena hapa? Basi alimficha mtoto. Alifunga dirisha, akaziba ufa kwa kanga kuukuu. Akaingiza jiko la mkaa chumbani. Akamvalisha Tadei sweta tatu, moja juu ya nyingine. Na sasa sufuria ya majani ya mkaratusi ilikuwa inachemka, amfukize.

"Hodi! Mama Tadei!"

Alikuwa Kulsumu, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Adela akashtuka. Nani amemwambia? Akasimama katikati ya mlango.

"Karibu. Sisi wazima wote."

Tadei akakohoa.

"Na huyo ndani ni jogoo?" Kulsumu aliuliza.

Adela akainamisha kichwa. "Utamwandika kuwa ana Korona? Watamchukua?"

"Dada, nani amchukue? Usiku nimemsikia akikohoa, nikaja kumwona mwanetu. Nipishe."

Kulsumu alivaa barakoa, akaingia. Moshi ukamwasha macho. Kwanza alitoa jiko nje. Pili alifungua dirisha.

"Baridi itamuua!" Adela alisema.

"Mfunike blanketi miguuni. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ndio unaoua. Na hiyo sufuria ya majani, iepue. Mvuke utamwunguza, hautamponya."

"Lakini nimemsikiliza siku tatu, Kulsumu. Hiki kikohozi ni kikavu. Ni cha Korona, siyo?"

"Sijui. Wewe hujui. Hata daktari hawezi kujua kwa kusikiliza kikohozi tu. Korona, mafua, nimonia, vyote vinakohoza. Kipimo ndicho kitakachosema. Umemtazama kifua?"

Adela akamgeukia mtoto. Angekionaje, chini ya sweta tatu?

Kulsumu akazivua polepole. Tadei akaanza kulia.

"Kitendawili!" Kulsumu alisema.

"Tega," Tadei alijibu kwa sauti ndogo.

"Nina mgeni. Huingia na kutoka kutwa kucha, wala hapigi hodi. Akichelewa, nyumba nzima inahangaika. Usijibu. Fikiri kwanza, kimya kabisa."

Tadei akatulia, akifikiri. Kulsumu akatazama saa ya simu yake, na kifua cha mtoto. Kikipanda na kushuka, ni moja. Alihesabu dakika nzima.

"Hamsini na nne," alisema. "Mtoto wa umri wake akifika arobaini, tayari ni nyingi. Na tazama hapa."

Adela akatazama. Kila Tadei alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani.

"Ukiona hivi, usingoje kujua jina la ugonjwa," Kulsumu alisema. "Pia akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo. Twende."

"Kwa usafiri gani?"

Mlangoni alisimama Maximilian. Alikwisha kuvaa barakoa na kuwasha pikipiki.

Adela alimtazama mtu yule aliyemshuku siku tatu. Kisha alimkumbatia mwanawe, akapanda.

Hospitalini walimwekea Tadei oksijeni haraka. Wakampima Korona. Hakuwa nayo. Ilikuwa nimonia, na moshi wa jiko ulimzidishia. Maximilian naye aliomba kupimwa. Hakuwa nayo.

"Na kama mtoto angekuwa nayo?" Adela alimwuliza muuguzi.

"Tungempa oksijeni vile vile, mama. Nyumbani mngevaa barakoa, mnawe mikono, mfungue madirisha. Hakuna aibu ya kuficha. Ungengoja hadi kesho, tungeongea mengine."

Siku ya sita walirudi nyumbani. Adela alitoa kanga dirishani. Jiko likabaki uani. Tadei alipolala mchana, mama yake alikaa kando ya kitanda akihesabu. Ishirini na saba. Akahesabu tena. Ishirini na saba.

Tadei akafumbua macho. "Mama, nimempata yule mgeni wa Mama Kulsumu."

"Nani?"

"Pumzi!"

Adela akambusu. Kisha akatoka nje, akakitoa kikombe msumarini, akakijaza uji wa moto.

"Shemeji," aliita, "njoo unywe. Kimeshapunga upepo wa kutosha."