Nyigu Aliyetakiwa Kuitwa kwa Jina la Mama

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka thelathini na minane, nimeachika mara moja, na ninaishi Chole, Mafia, na mama yangu mzazi. Nimesoma hadi kidato cha nne. Haya ninayoyaandika sijamwambia hata shoga yangu wa karibu… kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Mimi na mama, Bi Mwanahamisi, tunasuka mikeka. Tunakata ukindu porini, tunauchana, tunauanika. Mama hajui kusoma, lakini kwenye ukindu hakuna kinachompita. Siku moja alinionyesha mayai ya mdudu yaliyogandana nyuma ya jani. Mengine meupe, mengine meusi. "Haya meusi yana mpangaji," akasema. Tukayatia kwenye chupa, tukafunga mdomo wake kwa kipande cha khanga. Siku ya nne wakatoka vijidudu vyenye mabawa, vidogo kama chembe ya mchanga.

Wakati huo alikuwapo kisiwani mtafiti kutoka bara, akichunguza wadudu wa minazi. Nitamwita Rashidi. Alikuja, akamwamkia mama shikamoo, akakaa mkekani bila makuu, akaitazama chupa yetu. Akatueleza kuwa wale ni nyigu, ila hawaumi mtu. Jike hutoboa yai la mdudu mwingine, akataga lake humo ndani, na mwanawe hula kila kitu kabla ya kutoka. Mama akacheka. "Si nilisema? Tena mpangaji anayemla mwenye nyumba."

Rashidi akaenda nao bara kuwatazama kwa hadubini. Baadaye akapiga simu. Nyigu wale hawakuwamo kwenye kitabu chochote… hawakuwa na jina! Ilibidi wakusanywe wengine, wachorwe mpaka vinyweleo, kisha taarifa ichapishwe na wapewe jina. Akamwahidi mama kuwa jina hilo litatokana na lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaona kwanza.

Mama alizaa watoto sita, nimebaki mimi peke yangu, na mimi sikujaaliwa mtoto. Kwa hiyo mnaweza kuelewa alivyolipokea neno lile. Alisema, "Basi hata nikifa, jina lipo." Akawaomba majirani wasikate ukindu wa upande ule. Wenzake wa kusuka wakamtania, wakawa wanamwita Bi Nyigu, naye anaitika.

Rashidi akawa haishi kuja, mara kwa nyigu, mara kwa… mshanielewa. Alisema hajaoa. Akamtuma mshenga kwa mjomba wangu, barua ya posa ikapokelewa. Nilimwamini. Mtu anayekaa saa nzima akihesabu vinyweleo vya mguu wa mdudu, angenidanganya mimi kwa lipi?

Kazi ya kukusanya ilikuwa yangu. Kila kichupa nilitia kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyekamata. Rashidi mwenyewe aliniambia niandike jina langu. Na hapo ndipo nilipojiponza! Barua ya mtu iko kwa mjomba wangu, halafu mimi nijitangulize mbele yake? Niliona haya. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikaandika jina lake, kwa mwandiko wangu mzuri, kichupa baada ya kichupa. Alipoviona alitabasamu, akasema nina adabu. Hakufuta hata kimoja.

Akaondoka na vichupa vyake. Simu zikaanza kupungua, mara yuko kikaoni, mara mtandao mbaya… Mama kila asubuhi ananiuliza kama karatasi imetoka.

Mwishowe nikavuka kwenda Utende kwa Bi Saumu, mwalimu tunayefahamiana, mwenye kompyuta. Akaipata taarifa ile, akaichapa. Alisoma kwanza peke yake. Kisha akanitafsiria Kiingereza chake polepole. Nyigu ameitwa zuhurae, kwa heshima ya Zuhura, mke wa mtafiti, kwa uvumilivu wake wakati mume yuko kazini kisiwani. Aliyekamata ni Rashidi. Mama hayumo. Mimi simo. Kijiji chetu kimo, kama mahali tu.

Mke! Uvumilivu wake! Na mimi nilikuwa nani muda wote ule?

Nilimpigia palepale. Hakukana. Alisema jina likishachapishwa halibadiliki, hata yeye hawezi kulitengua. Nilipomwambia kuhusu kazi yangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Vikaratasi si umeandika mwenyewe?" Nikakata simu. Kila alichoniibia nilikuwa nimekiandikia hati.

Mjomba alirudisha barua ya posa. Hilo nililimeza. Lakini nilipofika nyumbani mama alikuwa anachana ukindu, akaiona karatasi mkononi mwangu, akafuta mikono. "Liko wapi?" Nikashika kidole chake… nikakiweka juu ya jina la Zuhura. Nikamwambia, "Hili hapa, mama."

Akalia kwa furaha. Tangu hapo kila mgeni anayejua kusoma akija, mama huitoa karatasi, nami nasimama nyuma yake nimekunja uso, nikimsihi mgeni kwa macho. Wote wamesoma jina la mama mahali ambapo halipo. Nimewatia watu wazima wa Chole kwenye uongo wangu.

Wiki iliyopita nilimkuta amekaa peke yake. Kitambulisho chake kiko upande huu, karatasi upande ule. Kidole chake kilikuwa kinahesabu herufi, moja moja, kama anavyohesabu miyaa ya ukindu anaposuka mkeka. Alimaliza moja, akahamia nyingine, akarudia. Akaniambia, "Mwanangu, mbona langu lilikuwa refu?"

Nikajifanya napanga ukindu. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye kasha. Tangu siku hiyo hajamwonyesha mtu, na jana shoga yake alipomwita Bi Nyigu, hakuitika.

Dada zangu, nawaomba sana. Mchumba mpe heshima yake, mpikie, waamkie wazazi wake. Lakini kazi ya mikono yako iandike jina lako, hata kama unaona haya. Mimi haya zangu zimeniponza, na aliyelipa ni mama.